Migogoro ya LUKU na ankara za maji katika nyumba za kupanga: njia ipi kwa shauri lipi

Mpangaji wa Ilomba au Mwanjelwa jijini Mbeya, sawa na mwenzake wa Kihesa au Mtwivila mjini Iringa, anapotofautiana na mwenye nyumba kuhusu umeme au maji huwa na njia nne za kulishughulikia jambo hilo. Anaweza kulimaliza humo humo ndani kwa kusoma mita na kupiga hesabu. Anaweza kwenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa. Anaweza kwenda kwa TANESCO au mamlaka ya maji na, asiporidhika, EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Na anaweza kwenda baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Watu wengi hawakosi njia, bali huingia isiyohusika: mmoja anamshitaki mwenye nyumba kwa mwenyekiti ilhali mita ndiyo yenye hitilafu, mwingine anapanga foleni katika ofisi ya TANESCO kumlalamikia jirani mwenye friji.

Kigezo kinachotumika katika ulinganisho huu ni kimoja, nacho ni kujua nani ana uwezo wa kukibadilisha kile kinachogombaniwa. Mgawo wa gharama uko mikononi mwa wakazi wa nyumba. Usomaji wa mita kuu na kiasi kilichoandikwa kwenye ankara viko mikononi mwa mtoa huduma. Wajibu wa nani alipe nini, pamoja na haki ya kuendelea kukaa bila kukatiwa huduma, ni mambo ya upangaji, na mwisho wake ni baraza. Serikali ya mtaa haina neno la mwisho katika lolote kati ya hayo, lakini ina nafasi yake.

Kulimaliza ndani ya nyumba

Ugomvi mwingi wa umeme unatokana na LUKU moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, inayohudumia vyumba vinne, sita au zaidi, ambapo kila mpangaji huchanga kiasi sawa. Utaratibu huo unapendwa kwa sababu hauhitaji hesabu: karatasi hubandikwa kwenye mlango wa koridoni, majina huandikwa, na aliyetoa huwekewa alama ya vema. Udhaifu wake huonekana usiku umeme unapokatika, kwa maana anayeharakisha kununua ni yule mwenye nyama kwenye friji au mwenye shati la kupiga pasi, na wengine hujifunza kusubiri. Baada ya miezi michache kila upande unaamini kwamba ndio unaonyonywa, na mara nyingi pande zote mbili zina ushahidi.

Ili kupima ukubwa wa tatizo ni lazima kuzijua bei. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la D1, yaani la watumiaji wadogo, hutozwa shilingi 100 kwa kila uniti iwapo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo uniti za ziada hutozwa shilingi 350 kila moja. Mteja wa kundi la T1, yaani la matumizi ya kawaida, hutozwa shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, tozo ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1, hivyo uniti moja ya D1 humfikia mnunuzi kwa shilingi 122, na ya T1 kwa takriban shilingi 356. Nyumba yenye familia kadhaa kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wapangaji ambao kila mmoja peke yake angestahili bei ya mtumiaji mdogo hujikuta wote wakinunua kwa bei ya mtumiaji mkubwa.

Tuchukue nyumba ya vyumba vinne inayotumia uniti 130 kwa mwezi. Wa kwanza ana friji, televisheni na pasi, naye anatumia uniti 60. Wa pili anatumia 35. Wa tatu 25. Wa nne ana taa mbili, redio na chaja ya simu, na hazidi uniti 10. Kwa bei ya T1 nyumba nzima hulipa takriban shilingi 46,300, na wakigawana sawa kila mmoja hutoa kama shilingi 11,600. Mpangaji wa nne, ambaye matumizi yake halisi yana thamani ya shilingi 3,560, analipa zaidi ya mara tatu ya haki yake, ilhali wa kwanza, ambaye angetakiwa kutoa takriban shilingi 21,400, anachangiwa na wenzake karibu nusu. Hapa mwenye nyumba hajaiba kitu. Hata hivyo lawama humwangukia yeye, hasa anapokuwa anaishi nyumba kubwa ya mbele na wapangaji wakiwa uani, akasema, "Nyie changeni, mimi nitaongezea," bila kueleza ataongezea kiasi gani wala kwa kipimo kipi.

Marekebisho ya ndani ni ya aina tatu, na hayalingani. Kugawana kwa vifaa, yaani kukubaliana kwamba mwenye friji atoe zaidi ya mwenye taa, ni hatua ya haraka na haina gharama, ila inategemea ukweli wa watu na inachakaa upesi. Mwezi Juni baridi inapoingia Mbeya, Njombe na Mufindi, hita za maji hutoka chini ya vitanda, na hita ya kilowati moja na nusu inayowashwa dakika ishirini kila asubuhi hula uniti 15 kwa mwezi, ambazo kwa T1 ni zaidi ya shilingi 5,300. Hakuna makubaliano ya Februari yanayoweza kuitabiri hita ya Juni, na hakuna mpangaji anayejitokeza kuitangaza.

Aina ya pili ni mita ndogo kwa kila chumba, ambayo mafundi huiita sabumita. Hii haipunguzi bei ya uniti, kwa kuwa umeme bado unapita LUKU moja ya T1, lakini inamaliza ubishi wa nani katumia nini. Mpangaji wa nne katika mfano wetu ataanza kulipa shilingi 3,560 zake mwezi huo huo. Yako mambo mawili ya kukubaliana kabla fundi hajafika. La kwanza ni bei: uniti ya mita ndogo iwe kile kilicholipwa kugawanywa kwa uniti zilizopatikana, bila nyongeza ya mwenye nyumba, maana anayeongeza shilingi hamsini juu ya kila uniti anafungua ugomvi mpya palipokuwa na ule wa zamani. La pili ni tofauti kati ya mita kuu na jumla ya mita ndogo. Tofauti hiyo haikosekani, kwa sababu taa ya nje yenye wati 20 ikiwaka saa kumi na mbili kila usiku hutumia zaidi ya uniti 7 kwa mwezi, na pampu ya maji ikiwepo hutumia zaidi. Kwa maoni yangu umeme wa taa ya nje wagawane wote sawa, na umeme wa pampu uingie kwenye hesabu ya maji.

Aina ya tatu ni kila mpangaji, au kila sehemu ya nyumba inayojitegemea, kuwa na LUKU yake. Kwa uniti 130 zile zile, wote wakiwa D1, nyumba ingelipa takriban shilingi 15,900 badala ya 46,300, yaani akiba ya zaidi ya shilingi 30,000 kila mwezi. Kwa nini basi si kila nyumba inafanya hivyo? Kwa sababu tangu Januari 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme wa kawaida mjini, ndani ya mita 30 na bila nguzo, ilirudi kuwa shilingi 320,960, na mita tatu za nyongeza zinakaribia shilingi 963,000 kabla ya kulipa waya na fundi wa kutenganisha mfumo wa ndani. Akiba ile ingehitaji zaidi ya miaka miwili na nusu kurudisha fedha hizo. Mwenye nyumba ndiye anayetoa mtaji, wapangaji ndio wanaopata akiba, na mpangaji mwanafunzi wa Iyunga anayekaa mwaka mmoja hana sababu ya kumchangia. Kwa mwenye nyumba anayejenga sasa hesabu ni tofauti kabisa, kwani kutenganisha waya kabla ya kupiga lipu ni nafuu kuliko kuchimba ukuta baadaye, na chumba chenye LUKU yake hupata mpangaji upesi. Muulize dalali yeyote wa Mafiati.

Kabla ya kuchagua aina yoyote kati ya hizo, kuna kipimo cha bure ambacho kingefaa kufanywa wote wakiwepo. Kila mtu azime kila kitu chumbani mwake, kisha watu wasimame mbele ya mita na kuitazama taa ndogo nyekundu inayometa kadiri umeme unavyopita. Ikiendelea kumeta ilhali vyumba vyote vimezimwa, kuna kitu kinachokula umeme nje ya hesabu: taa ya uzio, soketi ya kibanda cha kinyozi mbele ya nyumba, au waya wa chumba kimoja uliounganishwa kupitia kingine. Swichi zikiwashwa moja baada ya nyingine, chanzo hujulikana. Mita yenyewe isifunguliwe na mtu yeyote, kwa kuwa kuichezea ni kosa la jinai na hakuna fundi wa mtaani mwenye ruhusa hiyo.

Namna ya kulianzisha jambo ina uzito wake. Kauli kama, "Baba, naomba Jumamosi asubuhi tusome mita wote tukiwepo," humwacha mwenye nyumba na heshima yake na humpa nafasi ya kukubali, tofauti na ujumbe wa usiku wa manane katika kundi la simu la wapangaji. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba ikifaulu hakuna aliyeshindwa. Kasoro yake ni kwamba haimlazimishi mtu, na mwenye nyumba anayekataa hata kuonyesha mita iliyofungiwa ndani kwake hawezi kushindwa kwa hesabu.

Serikali ya mtaa

Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa hutafutwa kwa sababu wako karibu, wanajulikana na hawadai ada ya mahakama. Wanachoweza kufanya ni kuwaita wote wawili, kuwasikiliza, na kuandika walichokubaliana. Maandishi hayo yakiwekwa saini na muhuri huwa na thamani kubwa baadaye, hata kama hayatekelezeki kama hukumu, kwa sababu mwenye nyumba aliyekubali mbele ya mtendaji kwamba deni la maji ni la mpangaji aliyetangulia hawezi kuyakana kirahisi mbele ya baraza.

Ukiilinganisha na mazungumzo ya ndani, njia hii inaongeza shahidi na kumbukumbu; ukiilinganisha na baraza, inapungukiwa nguvu ya kulazimisha. Ipo pia hali ambayo wapangaji huinong'ona na ni vyema isemwe wazi: mwenyekiti wa mtaa mara nyingi naye ana vyumba vya kupangisha, na si ajabu akaliona shauri kwa macho ya mwenye nyumba. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya, ila linampa mpangaji sababu ya kwenda na karatasi badala ya maneno matupu. Orodha ya manunuzi ya LUKU iliyonakiliwa kutoka kwenye ujumbe wa simu, pamoja na picha za mita zenye tarehe, hubadilisha kikao kizima.

Njia hii inafaa zaidi pale ambapo wagomvi ni wapangaji wenyewe kwa wenyewe na mwenye nyumba anaishi mbali, labda Dar es Salaam au Tunduma, akiwa amemwachia mtu wa kukusanya kodi ambaye hana mamlaka ya kuamua lolote.

Mtoa huduma, kisha EWURA

Njia hii ni ya mashauri ya namba. Ankara ya maji imeruka kutoka uniti 6 hadi 31 bila sababu inayoonekana. Msoma mita hakufika na ankara ikawa ya makadirio. LUKU inakata deni ambalo hakuna anayelijua. Au umeme ulionunuliwa haulingani na fedha iliyolipwa. Mwenye nyumba hawezi kurekebisha lolote kati ya haya hata akitaka, na kumgombeza ni kupoteza muda. Kwa umeme ofisi ni TANESCO. Kwa maji ni mamlaka ya mji husika, Mbeya ikiwa na yake, Iringa ikiwa na IRUWASA na Njombe ikiwa na NJUWASA.

Tatizo la mpangaji ni kwamba mteja anayetambulika ni yule ambaye akaunti imeandikwa kwa jina lake, na karibu kila mara huyo ni mwenye nyumba. Afisa wa huduma kwa wateja ana haki ya kuuliza, "Wewe ni nani katika akaunti hii?" Kwa sababu hiyo, hata pale ambapo mtoa huduma ndiye mkosaji, mpangaji anahitaji mwenye nyumba aende naye au ampe barua fupi ya kumruhusu kufuatilia. Hapa ndipo njia ya kwanza na ya tatu hukutana: aliyekwisha kumtukana mwenye nyumba hatapata barua.

Kabla ya kwenda kwenye ofisi ya maji, mita isomwe usiku. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo hamsini za lita ishirini. Ankara ya uniti 31 inamaanisha ndoo 1,550 kwa mwezi, zaidi ya hamsini kwa siku, na swali la kujiuliza ni kama nyumba hiyo ina watu wa kuyamaliza. Bomba zote zifungwe baada ya watu kulala, tarakimu ziandikwe, na kitazamwe kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita ambacho huzunguka hata maji kidogo yanapopita. Asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kufungua bomba, tarakimu zisomwe tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja upande wa ndani wa mita, kwa kawaida kwenye tangi la choo au bomba lililofukiwa uani. Uvujaji wa lita moja tu kwa dakika ni lita 1,440 kwa siku, na kwa mwezi unakaribia uniti 43. Shauri hilo si la mamlaka ya maji tena. Ni la mwenye nyumba, ambaye bomba za ndani ni mali yake na matengenezo yake ni wajibu wake, isipokuwa kama mpangaji ndiye aliyevunja.

Tarakimu zisiposogea usiku kucha, lakini ankara ikawa kubwa, basi kuna jambo la kupeleka ofisini: usomaji uliokosewa, makadirio yaliyozidi, au mita yenye hitilafu inayostahili kupimwa. Katika mitaa yenye mgao wa maji wakati wa kiangazi wateja hulalamika pia kwamba upepo unaotangulia maji kwenye bomba huzungusha mita. Malalamiko hayo nayo yaandikwe, yakiwa na saa na tarehe, maana mtu anayesema "mita inakimbia" bila namba yoyote hurudishwa nyumbani kwa upole.

Mtoa huduma asipojibu au akijibu kwa namna isiyoridhisha, malalamiko hupelekwa EWURA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kusimamia huduma za nishati na maji, na ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, linalojulikana kama EWURA CCC, ambalo humsaidia mtumiaji kuliandika na kulifuatilia lalamiko lake. EWURA huanza kwa usuluhishi, na ikitoa uamuzi, asiyeridhika hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Lalamiko ambalo halijapelekwa kwanza kwa mtoa huduma hurudishwa, kwa hiyo nakala ya barua ya kwanza yenye muhuri wa kupokelewa ndiyo tiketi ya hatua inayofuata. EWURA haisikilizi ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba juu ya nani alichanga kiasi gani, na anayepeleka shauri la namna hiyo huko amechelewesha haki yake mwenyewe.

Kodi ya jengo ndani ya LUKU

Suala hili liko katikati ya njia, ndiyo maana nalitenga. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Anayenunua wa kwanza mwezi huo ndiye anayeona fedha yake ikipungua, na kama miezi kadhaa ilipita bila kununuliwa umeme, malimbikizo hukatwa yote pamoja. Mpangaji anayehamia chumba kilichokaa wazi miezi sita anaweza kununua umeme wa shilingi 10,000 na kukuta shilingi 9,000 zimeenda kwenye kodi.

TANESCO hukusanya tu, na kwenda kulalamika kwao kwamba kodi hiyo si ya mpangaji hakubadilishi makato. Kwa asili yake kodi hiyo ni ya mmiliki wa jengo, hivyo njia sahihi ni ya ndani: kumbukumbu za makato zihifadhiwe na kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya pango inayofuata, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Shilingi 18,000 kwa mwaka hazistahili baraza. Zinastahili mstari mmoja kwenye mkataba. Pale tu nyumba moja inapokuwa na LUKU kadhaa na kila moja ikakatwa kodi ya jengo lile lile ndipo panapohitajika ofisi, nayo ni ya TRA, mamlaka ya mapato, na anayepaswa kwenda ni mwenye nyumba.

Baraza la kata na baraza la wilaya

Baraza linafaa pale ugomvi unapokuwa umegeuka kuwa wa haki ya kukaa. Mfano ulio wazi zaidi ni mwenye nyumba kukata umeme au kufunga koki ya maji ili kumshinikiza mpangaji alipe kitu kinachobishaniwa, au ili ahame kabla ya muda aliokwisha kuulipia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangishaji amwache mpangaji akae kwa amani na utulivu katika kipindi cha upangaji, bila kuingiliwa isivyo halali. Mpangaji anayedaiwa umeme anabaki kuwa mdaiwa, na deni lake lina njia zake za kudaiwa. Kumwacha gizani na watoto si mojawapo.

Utaratibu wake ulibadilika mwaka 2021. Zamani baraza la kata lilikuwa na mamlaka ya kuamua mashauri madogo ya ardhi. Sasa kazi yake katika mashauri hayo ni kusuluhisha. Likishindwa kusuluhisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na siku thelathini zikipita bila usuluhishi, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Baraza la wilaya huongozwa na mwenyekiti ambaye ni mwanasheria, husikiliza mashahidi, na uamuzi wake hutekelezwa kwa nguvu ya sheria. Mbeya na Iringa zote zina mabaraza hayo.

Ukilinganisha na njia nyingine, hii ndiyo pekee inayoweza kumlazimisha mwenye nyumba mkaidi, na ndiyo inayogharimu zaidi: ada, nakala, nauli, siku za kazi zinazopotea shauri linapoahirishwa, na uhusiano ambao hauwezi kurudi kama ulivyokuwa. Mpangaji anayedai shilingi 40,000 za umeme na bado anataka kuongeza mkataba atakuwa amechoma nyumba kumkimbiza panya. Aliyelipa kodi ya mwaka mzima kwa fremu ya saluni huko Soweto jijini Mbeya, kisha akakatiwa umeme mwezi wa tatu, yuko katika hali nyingine kabisa, kwa kuwa kila siku bila umeme ni mapato yaliyopotea, na hati ya usuluhishi ulioshindikana ni muhimu kwake kuliko maneno ya kutuliza. Asiyemudu wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko katika wilaya.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakumfungii mtu mlango, kwani upangaji wa muda mfupi hutambulika hata ukiwa wa mdomo. Ila bila maandishi kila kitu hutegemea mashahidi, na majirani wanaoishi kwa huyo huyo mwenye nyumba huwa wazito kutoa ushahidi.

Kuchagua, kwa hali ya mtu

Mwenye chumba kimoja katika nyumba ya wengi, ambaye hasira yake ni juu ya mchango, abaki ndani ya nyumba na asukume mita ndogo. Ofisi zote nilizozitaja zitamrudisha hapo hapo. Aliyepanga nyumba nzima Gangilonga au Forest, mwenye LUKU na mita ya maji peke yake, hana wa kugawana naye, kwa hiyo ankara ikimshangaza aanze na kipimo cha usiku, kisha mtoa huduma, huku mwenye nyumba akiwa mshirika wake na si mshitakiwa. Anayekatiwa huduma kwa makusudi apite serikali ya mtaa siku hiyo hiyo ili tukio liandikwe, halafu asichelewe kwenda baraza la kata, kwa sababu siku thelathini huanza kuhesabika pale tu shauri linapofunguliwa.

Mwenye nyumba naye ana chaguo lake. Mpangaji akihama na kuacha ankara ya maji ya miezi miwili, mamlaka ya maji haitamtafuta aliyehama. Itakata maji kwenye akaunti ya mwenye nyumba, na mpangaji mpya atakuta koki imefungwa. Kumfuata mtu aliyekwisha kuhamia Makambako kwa shilingi 25,000 ni kazi isiyo na faida. Nafuu ni amana ndogo inayotajwa kwenye mkataba, pamoja na karatasi moja inayojazwa mara mbili, siku ya kuingia na siku ya kutoka: tarakimu za mita ya maji, uniti zilizobaki kwenye LUKU, deni lolote linaloonekana, na saini za wote wawili. Mpangaji anayehama mwisho wa mwezi aombe usomaji huo ufanyike akiwa bado na ufunguo mkononi, na picha ya mita aipige yeye mwenyewe, namba ya mita ikionekana pamoja na tarakimu, kwa sababu picha ya tarakimu peke yake inaweza kuwa ya mita yoyote mtaani.